Anayejua kuhesabu hadanganywi

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana wa mitaa ya Uvira



Leo siongelei barabara wala maji. Naongelea hesabu. Musicheke.

Hapa kwetu tunaishi na makuta ya aina tatu: falanga za Kongo, dola, na falanga za Burundi. Mama muuza ndagala asipohesabu haraka, faida yake inabaki kwa kambisti. Tuseme dola 1 ni falanga 2,800. Dola 15 ni ngapi? Kumi ni 28,000, nusu yake 14,000, jumla 42,000. Hakuna telefone, hakuna kalamu. Wamama wengi wanaijua njia hiyo hata kama hawakumaliza masomo. Lakini wadogo zetu wengi wanakariri tu. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2019, watoto waliingia kwa wingi, na hilo ni jema. Ila madarasa yamejaa, na mwalimu hawezi kufikia kila mmoja.

Njo maana tunaleta bulie, kile kifaa cha kuhesabia chenye shanga kwenye waya. Ile ya Kijapani ina shanga tano kwa kila waya: ya juu ni 5, nne za chini kila moja ni 1. Angalieni 8 na 7. Nane ni shanga ya juu na tatu za chini. Saba ni kumi kutoa tatu. Basi unaondoa zile tatu, unasogeza moja kwenye waya wa makumi. Ni 15. Mtoto ameishika kumi kwa vidole. Akizoea, anafunga macho na kusogeza shanga kichwani.

Tusidanganyane: bulie haileti akili ya kila kitu. Watafiti walifuata watoto wa India miaka mitatu; wa bulie waliwapita wenzao kwa hesabu, basi. Kwetu hiyo inatosha.

Na hesabu si kitu cha wageni. Mfupa wa Ishango, uliopatikana kando ya Ziwa Edward, ulichongwa alama miaka kama 20,000 iliyopita. Safu zake mbili, kila moja ina alama 60. Leo uko Brussels. Mfupa ulienda, kuhesabu kusiende.

Kwa hiyo tunaomba kila mtaa: Jumamosi asubuhi, kusanyeni vifuniko vya chupa, waya na mbao, mutengeneze bulie na watoto. Nani atafundisha? Sisi wenye diploma tunaokaa bila kazi. Na serikali isijifiche nyuma yetu: madarasa yajengwe, walimu walipwe.

Mtoto anayehesabu leo, kesho atauliza kodi ya soko imeingiza ngapi na imefanya nini. Atasimama mbele ya karatasi ya matokeo ya kura, ajumlishe mwenyewe.