Hesabu Katika Utumishi wa Haki: Jinsi ya Kuchora Matokeo ya Dodoso la Parokia



Tumekutana kutafakari kazi inayodhaniwa kuwa ya mafundi peke yao: kuyachukua majibu ya dodoso yaliyohifadhiwa katika kompyuta ya parokia na kuyageuza kuwa chati ambayo kila muumini aweza kuisoma. Sisi twasadiki kwamba kazi hiyo yahusu haki. Katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, Papa Yohane XXIII alifundisha hatua tatu: kuona, kuamua na kutenda. Chati ni sehemu ya kuona. Tukiona vibaya tutaamua vibaya, na atakayeumia ni maskini.

Mfano tunao. Baada ya vita vya Krimea, vilivyopiganwa tangu mwaka 1853 hadi 1856, muuguzi Florence Nightingale alichora takwimu za vifo vya askari wa Uingereza. Michoro yake, iliyotolewa mwaka 1858, ilionyesha wazi kwamba maradhi yaliyoweza kuzuilika yaliua askari wengi kuliko majeraha ya vita. Takwimu zilizokuwa zimelala katika majedwali zikawadai wakuu wajibu.

Basi tuanze na hifadhidata yenyewe. Katika jedwali lake, kila mstari ni kaya moja, na kila safu ni swali moja. Majibu yaandikwe kwa namna moja. Karani mmoja akiandika “kisima” na mwingine “kisimani”, kompyuta itahesabu vitu viwili, na chati itachora nguzo mbili mahali pa moja. Vilevile tutofautishe “hapana”, sifuri na “hakujibu”. Mama mjane aliyenyamaza alipoulizwa habari za shamba la marehemu mumewe hakusema kwamba hana shida. Kimya chake nacho kihesabiwe kama kimya.

Baada ya hapo twaiagiza kompyuta ihesabu kwa mafungu, yaani kwa kila jumuiya ndogo ndogo. Hapa pana mtego. Tuseme, kwa mfano tu, jumuiya moja ina kaya 10, na kaya 6 hazina maji karibu. Nyingine ina kaya 80, na kaya 24 hazina. Kwa asilimia, ya kwanza ina 60 na ya pili 30. Kwa idadi, ya pili ina kaya nyingi zaidi zenye shida. Chati zote mbili ni za kweli, lakini kila moja yaita msaada upande wake. Kwa hiyo tuonyeshe zote mbili. Wala tusijumlishe 60 na 30 na kugawanya kwa mbili tukasema shida ni asilimia 45. Kaya zote ni 90, zenye shida ni 30. Hiyo ni theluthi moja.

Katika kuchora, nguzo zianzie kwenye sifuri. Tukilinganisha 48 na 52 kwa chati inayoanzia 45, nguzo ya pili itaonekana kuwa zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza. Huo ni uongo uliosemwa kwa picha, nao wavunja amri ile ile ya nane. Chati ya duara itumike pale tu kila kaya ilipotoa jibu moja. Mtu akiruhusiwa kutaja shida tatu, vipande vya duara haviwezi kuonyesha ni kaya ngapi zilizotaja kila shida. Hapo tutumie nguzo. Na chini ya kila chati tuandike swali lililoulizwa, idadi ya waliojibu na mwaka.

Tena tulinde siri za watu. Majina yatengwe na majibu, kila kaya ipewe namba, na orodha ya majina ifungiwe. Fungu likiwa na kaya mbili tatu, tusilichore peke yake, kwa maana jirani atamtambua mwenye jibu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yadai uangalifu huo. Nasi twadaiwa hata zaidi na upendo.

Mwisho, chati irudi kwa waliojibu. Isomwe kwanza katika jumuiya, nao waulizwe: je, hii ndiyo hali yenu? Ikithibitishwa, ipelekwe kwenye Halmashauri ya Walei, na kisha wanajumuiya wenyewe waipeleke katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambako kila mwanakijiji mtu mzima ana haki ya kusema. Dodoso lisilorudishwa ni deni.

Mchungaji wa Injili alijua kwamba kondoo mmoja kati ya mia amepotea kwa sababu alikuwa amewahesabu. Tuhesabu hivyo, ili asiwepo anayesahauliwa. Mungu awabariki.