Redio ya Umma ni ya Nani?

Leo nataka tuchambue hoja moja ambayo haikosekani kwenye midahalo ya siasa huku kwetu Kisumu. Mmoja anasema, "Redio ya umma ifuate wasikilizaji walio wengi." Mwingine anajibu, "Hapana, kila eneo lipate redio yake." Wote wanapigiwa makofi. Sitataja mwanasiasa wala chama. Tuangalie hoja zenyewe.

Kwanza tuelewane. Sheria ya Kenya inatambua utangazaji wa aina tatu: wa umma, wa kibiashara na wa kijamii. KBC, iliyoitwa Sauti ya Kenya hadi 1989, ni ya umma. Ina idhaa za lugha za nyumbani, kama Mayienga FM kwa Dholuo na Minto FM kwa Kikisii. Ramogi FM nayo hutangaza kwa Dholuo, lakini ni ya kampuni binafsi.

Kwa redio ya biashara, idadi ndiyo mambo yote. Wasikilizaji wengi huleta matangazo mengi, na matangazo huleta pesa. Hakuna ubaya, hiyo ni biashara. Lakini redio ya umma hutegemea pia kodi, na kodi hailipwi na walio wengi peke yao. Anayenunua sabuni Mbita analipa kodi sawa tu na wa Kondele.

Chukueni Wasuba wa visiwa vya Mfangano na Rusinga. Katika sensa ya 2019, Waluo walizidi milioni 5, Wasuba wakawa kama laki moja na nusu, na wengi wao siku hizi huongea Dholuo. Tukipima kwa wingi tu, Kisuba hakipati hata dakika tano hewani. Kule Mfangano, EK FM, redio ya kijamii, imekitangaza. Hongera kwao. Lakini Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka Serikali yenyewe ikuze na kulinda lugha za Wakenya.

Sasa nije kwa wale wa "redio yetu". Hata mimi nikisikia Dholuo hewani, moyo hufurahi. Ila redio inaweza kunisalimia vizuri kwa lugha ya mama, halafu mvuvi aingie ziwani usiku bila kuambiwa kuna upepo mkali, na bajeti ya kaunti ipite wananchi hawajasikia. Hapo nimepewa nini jamani? Tena Kisumu hii ina Waluhya, Wakisii, Wanubi na Wahindi. "Yetu" ni ya akina nani?

Kifungu cha 34 kinataka vyombo vya habari vya serikali visiegemee upande, na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Hiyo ni pamoja na maoni ya jirani anayewapinga wakubwa wetu wa hapa hapa.

Kwa hivyo, mkisikia hoja hii tena, ulizeni: Nani analipa? Nani hasikiki? Na akipewa maikrofoni, ataruhusiwa kupinga?