Tuchinje kwa Ucha Mungu, Tugawe kwa Usawa



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu wa Somanda na Bariadi yote, mwezi wa Mfunguo Tatu, yaani Dhul-Hijja, umeandama. Zimetufikia siku kumi zilizo bora mno kwa kutenda mema, na kilele chake ni Idi ya kuchinja. Aliyenuia kuchinja anajizuia kukata nywele na kucha. Lakini kabla ya kunoa kisu, tuinyooshe nia.

Sisi ni watu wa nchi ya mifugo. Ng'ombe kwetu Usukumani ni akiba, ni mahari, ni heshima ya mtu mbele za watu. Kwa hiyo yatupasa kujihadhari, mnyama wa Idi asije akageuka kuwa kipimo cha ukubwa wa mtu. Katika Sura ya 22, aya ya 37, Allah anatufahamisha kuwa nyama na damu havimfikii Yeye. Kinachomfikia ni ucha Mungu wetu. Mbuzi mmoja humtosha mtu na watu wa nyumbani kwake, na ng'ombe mmoja huweza kuchangiwa na watu saba. Asiyeweza asione haya, kwani Mtume (s.a.w.) alichinja pia kwa niaba ya wale wa umma wake wasioweza.

Linalotusikitisha liko katika ugawaji. Mara nyingi paja hupelekwa kwa rafiki ambaye naye amechinja, ili naye arudishe lake. Mjane anayesubiri nje hupewa mifupa. Huko si kutoa, bali ni kubadilishana. Aya ya 36 ya Sura hiyo hiyo inatuamuru kumlisha anayeomba na pia maskini aliyetulia, asiyeomba. Huyu wa pili haji mlangoni kwetu. Sisi ndio wa kumfuata. Siku moja nyumbani kwa Mtume (s.a.w.) alichinjwa mbuzi, ikatolewa nyama yote isipokuwa bega. Bibi Aisha (r.a.) alipomweleza kuwa limebaki bega tu, alimjibu kuwa yote yamebaki isipokuwa hilo bega.

Mwaka mmoja watu wenye njaa walipoingia Madina, Mtume (s.a.w.) alikataza kuweka nyama ya udh-hiya zaidi ya siku tatu, shida ilipopita, akaruhusu. Nasi tunaojua jinsi ukame unavyoacha ghala tupu, tuuelewe mfano huo: shida ya jirani inapozidi, haki yake katika chungu chetu nayo inazidi. Wala tusiulize kwanza dini yake. Sahaba Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha pelekewa. Majirani zetu wengi hapa si Waislamu. Sahani ya Idi na iwafikie. Mchinjaji naye alipwe ujira wake kwa fedha, si kwa ngozi wala nyama ya udh-hiya.

Siku ya tisa mahujaji wanaume watasimama Arafa wakiwa na shuka mbili zisizoshonwa. Sisi wakulima wa pamba na tulizingatie hilo: katika vazi lile hajulikani mwenye shamba wala kibarua aliyemchumia. Mwaka wa 10 Hijria (632), katika Hija ya kuaga, Mtume (s.a.w.) alitangaza kuwa Mwarabu hamzidi asiye Mwarabu, wala mweupe hamzidi mweusi, ila kwa ucha Mungu.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi kila msikiti uandike mapema majina ya wajane, mayatima, wazee na wagonjwa wa mtaa wake, na fungu lao litengwe kwanza, kwenye mnofu.

Allah atutakabalie, atupe mikono mikunjufu na nyoyo zisizobagua. Amin.

Wabillaahi tawfiiq.