Kumtambua Kwelea Miongoni mwa Ndege Wafananao Naye



Kila mkulima wa mpunga, mtama, uwele au ngano amjua kwelea kwa jina, na wengi wamjua kwa hasara. Lakini ni wachache wawezao kumtambua akiwa ametua juu ya bua la mtama, pamoja na ndege wengine watano au sita wa rangi ile ile ya majani makavu. Kwelea ni mdogo kama shomoro, mgongo wake una michirizi ya kahawia, na tumbo lake ni jeupe-jeupe. Kweche jike naye yu hivyo hivyo, na kweche dume pia, majira ya kuzaa yakiisha naye akavua nguo zake nyekundu.

Mtoto aliyewekwa juu ya dungu kuamia ndege hana haja ya kujua tofauti. Yeye hupiga debe, na wote huruka. Mtu mzima apelekaye habari kwa Bwana Shamba ana haja kubwa ya kujua, kwa kuwa neno lake laweza kuleta eropleni yenye sumu.

Mtu asitazame manyoya kwanza, bali mdomo. Nje ya majira ya kuzaa, kwelea dume na jike wote wana mdomo mfupi, mnene, mwekundu kama pilipili iliyoiva. Mdomo wa kweche aliyevaa kahawia ni wa rangi ya pembe, wala hauna wekundu wowote. Yuko fumbwe, yule ambaye dume lake huota mkia mrefu mweusi wakati wa kuzaa. Huyo naye huwa na mdomo mwekundu, na amewadanganya wengi. Lakini fumbwe ni mdogo zaidi, kichwa chake kina mistari myeusi iliyo dhahiri, na haendi kwa maelfu.

Mvua zikinyesha na kwelea wakiingia katika kuzaa, mambo hugeuka, na hapa ndipo hata watu wenye macho mazuri hukosea. Mdomo wa dume hubaki mwekundu, na uso wake huwa mweusi kama aliyejipaka masizi, ukizungukwa na rangi ya waridi au ya manjano. Tena si madume yote: baadhi yao huwa na uso mweupe-mweupe badala ya mweusi. Lakini mdomo wa jike huacha wekundu kabisa ukawa wa manjano. Basi mkulima aliyefundishwa kutafuta mdomo mwekundu tu, humwona jike, akasema, "Huyu siye," akarudi nyumbani, kumbe nusu ya kundi lililo mbele yake ni la majike.

Wako kwelea wengine wa aina mbili ambao madume yao yana kichwa chekundu wakati wa kuzaa. Midomo yao si myekundu, na makundi yao kwa kawaida ni madogo.

Rangi ikishindwa, mwenendo wa ndege utasema. Kundi kubwa la kwelea likila chini huenda kama moshi unaobingirika: walio nyuma huruka juu ya wenzao wakatua mbele, na walioachwa nyuma hufanya vivyo hivyo. Kweche dume wakati wa kuzaa hukaa katika sehemu yake ya matete pamoja na majike kadhaa, akiwafukuza madume wengine. Mnana hufuma viota vyake katika mti ulio karibu na nyumba za watu, mlango ukitazama chini. Viota vya kwelea ni vidogo, vya mviringo, mlango ukiwa ubavuni. Hujengwa mara nyingi katika miti ya miiba, vyote kwa siku zile zile, na mti mmoja waweza kubeba mamia. Mayai huatamiwa siku 10 hadi 12 tu, kwa hiyo aliyeona viota vibichi na akangoja mwezi mzima kabla ya kusema, amekwisha kuchelewa.

Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za mbegu kwa siku. Si kitu, lakini ndege milioni moja ni tani 10. Wao hupenda mbegu za majani ya porini, na huja shambani hizo zikipungua, hasa wakati punje za nafaka zingali na maziwa. Mahindi hawayawezi, punje ni kubwa mno kwao.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 makundi makubwa yalivamia mashamba ya mpunga huko Kisumu, na Serikali ikanyunyiza dawa iitwayo fenthioni. Dawa hii hunyunyizwa jioni, ndege wanapokusanyika kulala, nayo haichagui. Kweche aliyelala katika matete yale yale hufa pia, na bundi au mwewe alaye ndege aliyelewa sumu naye yumo hatarini. Wala ndege waliookotwa mahali palipopigwa dawa hawafai kuliwa na mtu kabisa, ingawa kwelea walionaswa kwa nyavu ni kitoweo cha siku nyingi katika sehemu za Kondoa, Tanzania.

Kwa hiyo apelekaye habari asiseme tu kwamba ndege ni wengi. Aende mwenyewe jioni mahali wanapolala, akae kimya mpaka watue, aangalie midomo ya ndege kama ishirini na kuihesabu: mingapi ni myekundu, mingapi ya manjano, mingapi ya rangi ya pembe. Kisha amwambie Bwana Shamba hesabu hiyo, pamoja na aina ya miti, na kama kuna viota.