ASKARI NA MLIMA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Juma lililopita mzee mmoja aliuliza hapa tawini: ya nini askari wetu kupelekwa kupanda milima na kulala porini, na huku barabara ya zahanati imekatika kwa mvua? Hiyo ni michezo ya Wazungu, alisema, na fedha ni zetu. Wengi mlimpigia makofi. Swali lake ni la haki, nami nitalijibu.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, aliyesimamisha bendera na kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro alikuwa Luteni Alexander Nyirenda wa Tanganyika Rifles. Hakufika kule kwa gwaride. Kilele kina mita 5,895, na hewa yake ni nyepesi, karibu nusu ya ile ya pwani. Kichwa hugonga, tumbo hukataa chakula, na hodari wa kulenga shabaha huweza kukaa chini asiinuke. Waongozi wa Kichagga wanajua la kufanya: kwenda pole pole, na ugonjwa ukizidi, kuteremka upesi.

Sasa mtazameni ofisa kijana mwenye askari 10 mahali pale. Kambini hutoa amri, watu wakageuka. Mlimani amri haimwongezei mtu pumzi. Yampasa amjue mnyonge wa kundi, amtangulize, wote wafuate mwendo wake. Yampasa aulize nani anaumwa, tena aulize kwa namna ambayo askari hataona haya kusema kweli, kwani anayeficha maumivu asubuhi ndiye atakayebebwa jioni. Na pengine yampasa aseme “Turudi,” hali kilele kinaonekana. Kwangu mimi neno hilo ni gumu kuliko kupanda kwenyewe.

Ni kweli, shule ya Outward Bound ilianzishwa mwaka 1941 huko Aberdovey, Wales, na Kurt Hahn na wenzake, nayo ilifunza mabaharia vijana wakati wa vita. Baadaye nyingine ikafunguliwa Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima huu huu. Lakini waliowabebea Wazungu mizigo mpaka juu walikuwa watu wetu. Basi mchezo huo ni wa nani?

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Mshahara ulikuwa mdogo, na maofisa wengi walikuwa bado Waingereza. Sisemi mlima ungalizuia hayo; mshahara hauongezeki kwa kupanda Kibo. Nasema jeshi jipya lililoundwa Septemba ya mwaka ule lilihitaji maofisa wanaowajua watu wao, na siku tano katika baridi humjulisha mtu kuliko mwaka mzima wa kupigiana saluti.

Juu ya fedha nakubaliana na mzee. Hatuna haja ya kumpeleka askari ng’ambo kutafuta mlima. Lakini tusibane fedha kwa kumpandisha kwa siku mbili, wala kwa kumnyima viatu na blanketi, wala kwa kumpunja mwongozi mwenyeji ujira wake. Nimeandika barua yenye mambo hayo matatu. Iko mezani kwa katibu, na anayekubali aje atie sahihi.