Masikio ya Makanga

Alfajiri, matatu inaondoka Umoja kuelekea katikati ya jiji la Nairobi. Muziki umefunguliwa wote, spika iko chini ya kiti cha nyuma. Abiria atashuka mjini. Makanga atabaki humo hadi usiku.

Hesabu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ni kali: sauti ya desibeli 80 inavumilika kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Saa nne tu, kwa wiki nzima! Kwenye gari lenye kelele hiyo, makanga huzimaliza Jumatatu kabla ya chakula cha mchana.

Ndani kabisa ya sikio mna maelfu ya seli zenye vinyweleo, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara kwa ubongo. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Masikio yanayovuma baada ya safari yanaonya kwamba yamezidiwa.

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, na zinapaswa kusimamiwa hata ndani ya magari, kwa sababu anayeumia zaidi ni kijana aliye kazini. Kwa sasa vizibo vya sponji masikioni vingemsaidia, na abiria naye aseme bila woga: “Kondakta, punguza muziki kidogo.”