Kutayarisha na Kuziba Manyoya ya Kufungia Nzi wa Bandia

Natumaini mmeketi karibu na redio, na karatasi na kalamu ziko tayari, maana leo yako mambo ya kuandika.

Kwa wale wanaoanza nasi leo, nitasema maneno machache tu. Nzi wa bandia ni ndoana ndogo iliyovishwa manyoya na uzi ili samaki adhani ni mdudu. Samaki anayetafutwa hasa ni trauti, apendaye maji baridi. Zamani hakuwako katika mito ya Kenya. Aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, akatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Lakini nzi wengi wanaofungwa Kenya hawaingii katika mito hiyo. Husafirishwa kwenda Ulaya na nchi nyingine za ng'ambo, na mara nyingi mfungaji hulipwa kwa dazani. Dazani ikikataliwa, malipo yake yamekwenda pia.

Mimi nilipata kukataliwa. Nilikuwa bado mwanafunzi wa kazi hii, nikapewa kufunga panzi dazani nne. Mbawa nilizikata katika unyoya wa bata mzinga wenye madoadoa, zikalala juu ya mgongo wa panzi vizuri kabisa, nami nikajiona fundi. Msimamizi akamchukua panzi mmoja, akasugua ubawa wake kati ya vidole viwili, mara tatu tu. Ukachanika kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Akamchukua wa pili, wa tatu, mambo ni yale yale. Kazi ya siku mbili ikaingia kapuni. Mama mmoja aliyekaa meza ya pili akaniambia, "Mwanangu, hukuuziba unyoya." Hayo ninayowaeleza leo, mengi nimeyapata kwake.

Basi chukueni unyoya mkubwa wa bawa la kuku au bata. Katikati mna uti, na kila upande wa uti zimepangwa nyuzi nyembamba. Vuta kidogo, nyuzi zinaachana. Papasa kwa kidole kutoka utini kwenda nje, zinashikana tena. Kinachozishika ni vikulabu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Ndege akiwa hai huvipanga upya kwa mdomo wake kila siku. Ndoana haina mdomo. Samaki akiuma mara moja, meno yake yanapita kati ya nyuzi, na ubawa umekwisha. Kuziba, basi, ni kuzigandisha nyuzi hizo pamoja kwa vanishi nyembamba kabla ya kukata.

Lakini usizibe unyoya mchafu. Vanishi haishiki juu ya mafuta, na unyoya wa bata hasa una mafuta mengi. Osha katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, ukipapasa kufuata nyuzi, usisugue kama unayefua shati. Suuza mpaka povu liishe, halafu tandaza juu ya gazeti kivulini. Jua kali hupausha rangi. Unyoya uliopinda au kukunjika usiutupe: ushike juu ya mvuke wa birika linalochemka, nao utajinyoosha wenyewe mbele ya macho yako. Shika kwa koleo, mvuke unaunguza vidole.

Sasa kuna adui, nami nawaomba mnisikilize hapa. Ni nondo wa nguo na mende wadogo wa ngozi. Nondo mwenyewe hali manyoya. Wanaokula ni watoto wake, vijifunza vyeupe. Wanaanza kimya kimya ndani ya boksi, na siku unayofungua unakuta vumbi na uti mtupu. Ngozi moja ya shingo ya jogoo aliyefugwa makusudi kwa kazi hii ni ghali sana, wala haitoki sokoni kwa muuza kuku. Kwa hiyo manyoya yoyote mapya yasikutane na ya zamani kabla ya kusafishwa. Yakisha kukauka kabisa, yafunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uyatie katika friza kwa siku kadhaa, uyatoe yapate joto siku moja au mbili, kisha uyarudishe tena. Mara ya pili ndiyo inayowapata wale waliokuwa bado mayai. Asiye na friza na aombe nafasi kwa mwenye duka la nyama, lakini mfuko ufungwe barabara, mwenye duka asije akakufukuza na manyoya yako.

Tuje kwenye kuziba kwenyewe. Chagua unyoya mmoja wa bawa la kushoto na mmoja wa bawa la kulia, vinavyofanana kwa rangi, maana nzi mwenye mbawa mbili zilizosimama huhitaji kipande cha kila upande. Kwa panzi, mwenye ubawa mmoja wa kulala mgongoni, mmoja unatosha. Laza unyoya kifudifudi, upande wa madoadoa ukitazama chini. Vanishi huwekwa upande wa nyuma, kwa sababu upande wa mbele hutia giza rangi. Iongeze thina mpaka iwe nyepesi, itiririke upesi kutoka kwenye brashi. Piga mkono mmoja tu, kutoka utini kwenda ncha za nyuzi, wala usirudi nyuma. Ikiwa nzito, itazivuta nyuzi zikusanyike kuwa kamba, na kipande chako kitapungua upana. Acha ikauke kabisa, kisha piga mkono wa pili, mwembamba vile vile. Usiongeze wa tatu. Nimeona watu wanaopaka mpaka unyoya unang'aa kama kiatu cha askari. Ubawa wa namna hiyo ni mgumu, ukikunjwa unavunjika, na samaki hadanganyiki naye.

Jaribio ni hili. Kata kipande chembamba, ukikunje kati ya vidole, ukisugue kama msimamizi yule alivyofanya. Kikikunjuka bila kuchanika, unyoya uko tayari. Kikichanika, rudia mkono mmoja katika mengine yaliyobaki. Mfanye jaribio kila mnapofungua chupa mpya ya vanishi, maana hazilingani. Asiye na vanishi ya kazi aweza kutumia rangi ya kucha isiyo na rangi, iliyopunguzwa uzito.

Tahadhari moja, nayo si ndogo. Vanishi na thina hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa, na mvuke wake hutambaa chini kufuata sakafu. Fanyeni kazi barazani au dirishani penye hewa, mbali na jiko, mshumaa na sigara, na watoto wasiwe karibu. Kichwa kikianza kuuma, ondoka, pumua hewa.

Je, kila unyoya uzibwe? La. Manyoya ya shingo ya jogoo yanayozungushwa kichwani mwa nzi wa juu ya maji hayazibwi kabisa. Nzi huyo huelea kwa sababu kila unyuzi umesimama peke yake juu ya uso wa maji, ukizigandisha, umemzamisha. Kadhalika nzi anayezama, ambaye mbawa zake zinatakiwa kuchezacheza majini. Huziba manyoya ya panzi, vipande vya mgongo wa vijidudu vya chini ya maji, na uti wa unyuzi wa unyoya wa tausi uliokwisha kuvuliwa malaika yake kwa raba ya kufutia. Uti huo ukizungushwa kwenye ndoana hufanya mwili wenye mistari mizuri sana, lakini jino moja laukata, ndiyo maana hupakwa vanishi baada ya kufungwa, si kabla.

Kwa juma lijalo kila mmoja awe na jozi mbili za manyoya yaliyozibwa na kukauka, mkasi mkali, na jiliwa lililofungwa imara mezani. Tutakata mbawa za panzi na kuzifunga. Kwa herini.